Barua kwa mwanangu: hao wageni wasubiri Januari

Mwanangu,

Kamwene. Mdogo wako amenionyesha picha za simbilisi wawili unaotaka kuwaongeza kwa wale wako wa zamani, Karanga na Asali. Wazuri, sikatai. Yule mwenye kishungi kichwani, bibi yako alimtazama weee, kisha akauliza ana kilo ngapi. Nimemwambia huyo si wa chungu.

Kilichoninyima usingizi ni tarehe. Unasema utawachukua wiki moja kabla ya ndege, uwaweke pamoja na wenyeji wao, halafu uje Njombe, jirani awe anapita jioni kuwapa chakula. Mwanangu, usiwaunganishe kisha ukaondoka. Hilo ndilo lililonikalisha kuandika.

Sababu yako naijua, na kwa hiyo nakusifu. Karanga anazeeka, akitangulia yeye, Asali atabaki mpweke, na huko Uswisi tangu 2008 sheria hairuhusu kufuga simbilisi mmoja peke yake. Umewaza mbele. Ungewaza mbele hivyohivyo kwenye tiketi, ungekuja mwezi mzima na si hizo wiki mbili za kunusa tu nyumba na kuondoka. Hayo tutayasema ukiwa hapa.

Hebu piga hesabu. Mgeni anatakiwa akae chumba chake wiki mbili, tatu ni bora zaidi, na vyombo vyake, na wewe unanawa mikono kabla ya kwenda kwa wale wengine. Unamwangalia kama anapiga chafya, kama macho yanatoa tongotongo, kama anajikuna hadi manyoya yanadondoka. Utitiri siku ya kununua hauonekani. Maradhi ya kifua nayo huwamaliza upesi, na dawa zenyewe zina mtego: penisilini na amoksilini za kunywa, ambazo mtoto wa mtu anapewa bila wasiwasi, kwa simbilisi zinavuruga utumbo na zinaweza kumuua. Jirani yako analijua hilo? Akiona mmoja amejikunyata hataki kula, atasubiri mpaka kesho asubuhi? Simbilisi asiyekula hasubiriwi kesho.

Halafu mimba. Umesema wote ni majike wa miezi mitatu. Nani amekuhakikishia? Jike anaweza kushika mimba akiwa na umri wa mwezi mmoja hivi, na kama hao walikaa banda moja na kaka zao, basi unanunua zaidi ya wawili. Wanabeba siku 59 hadi 72. Asali amehasiwa, sawa, lakini hilo halifuti yaliyotokea huko walikotoka. Na kama mmojawapo ni dume? Wauzaji hukosea sana. Kwanza atagombana na Asali kwa ajili ya majike. Pili, Karanga hajazaa maishani mwake. Jike aliyechelewa hivyo mifupa ya nyonga huwa imeshikana, akija kupata mimba uzeeni, kuzaa kunaweza kumuua yeye na watoto. Wapeleke kwa daktari wa mifugo, awageuze tumbo juu, awaangalie. Usikubali maneno ya dukani.

Na siku yenyewe ya kuwakutanisha haitaki mtu mwenye sanduku la safari mlangoni. Unahitaji sakafu pana isiyo na harufu ya Karanga wala Asali, nyasi kavu umezimwaga sehemu kadhaa, na wewe umekaa hapohapo saa nyingi. Asali ataunguruma, atanesa kiuno, atawapanda. Karanga atawakimbiza na kuwanyofoa manyoya kidogo, maana bibi huyo ndiye mwenye nyumba. Waache. Wakianza kugonganisha meno, sogea karibu. Wakisimama uso kwa uso manyoya yamewasimama, au wakiviringishana kama mpira mmoja, au ikitoka damu, hapo unawatenganisha, tena kwa taulo, usiingize mkono mtupu. Shida ni kwamba ukiwatenganisha kwa kila kelele, ugomvi hauishi, kesho wanaanza upya. Sasa niambie, jirani ataitofautishaje kelele na hatari? Ama atawatawanya bila sababu, ama atawaacha waumizane. Na hata siku ya kwanza ikipita vizuri, wanaweza kuchukua wiki mbili nzima kabla kila mmoja hajajua nafasi yake.

Usiniambie "mama, mbona kwako jikoni wanachanganyika tu". Kwangu kuna dume mmoja, sakafu yote ni yao, na chini ya kuni na nyuma ya magunia hakuna maficho yasiyo na njia mbili. Hicho kizimba chako nimekiona: kijumba kimoja, mlango mmoja. Mgeni akibanwa mle, atokee wapi? Kitoboe mlango wa pili, ongeza na vijumba vingine. Chupa za maji ziwe mbili, mbali mbali. Na ukipanue chini, si juu. Hawa si wa kupanda ghorofa.

La vitamini C sikufundishi, wewe ndiye uliyenifundisha kwamba miili yao haiitengenezi. Tangu uliponiambia, wangu hata kiangazi hawakosi majani mabichi, na afisa mifugo alipopita amesema ni wanene kuliko wote kijijini. Nimemwambia nina mtaalamu Ulaya. Amecheka, mimi sikucheka.

Nakujua, mwanangu. Utakuwa hapa mezani, simu mkononi, jirani anakutumia video wanafukuzana, chakula kinapoa. Siku ya tatu utaanza kuulizia kubadilisha tiketi. Karanga na Asali wakibaki wawili kama walivyozoea, watakula hoho yao na kulala, na wewe utalala. Hivyo mwombe muuzaji akutunzie hao wengine mpaka Januari. Akitaka hela ya kuwalisha, mpe. Akikataa, simbilisi hawataisha Uswisi nzima.

Huku mvua za kwanza zimeshuka. Mahindi ya mteremkoni tumeshapanda, mbolea ya ruzuku bado tunaisubiri. Paa la jiko linavuja upande wa mafiga, kaka yako anasema bati mbili zinatosha, mimi naona nne. Hela uliyotuma imeingia, asante. Nimelipia shule kwanza, bati baadaye. Bibi anataka soksi nene, zile ndefu za kufika magotini, na zisiwe nyeupe. Usilete chokoleti nyingi, mara ya mwisho ziliwaumiza watoto meno.

Basi likifika Makambako mpigie kaka yako, atakusubiri stendi Njombe na pikipiki. Mizigo ikiwa mingi useme mapema atafute gari, asije akaanza kuhangaika usiku.

Nijibu hilo la Januari leo, kabla hujamlipa mtu.

Mama yako