Risala ya Chama cha Midahalo kwa Mgeni wa Heshima, Siku ya Wazazi na Tuzo: Obama Alipokuwa Seneta wa Jimbo

Mheshimiwa mgeni wa heshima, mwakilishi wa wadi yetu, Mwalimu Mkuu, Mwenyekiti wa Bodi ya Usimamizi, walimu wetu, wazazi wetu wapendwa, wanafunzi wenzangu,

Kwa niaba ya Chama cha Midahalo cha shule hii, nakukaribisha nyumbani. Karibu sana, mheshimiwa, na shukrani kwa kukubali kutuzawadia na kutusikiliza.

Mheshimiwa mgeni wa heshima, mwaka huu chama chetu kiliamua kusoma maisha ya mtu ambaye mtoto wa Siaya hulijua jina lake kabla ya kujua kuliandika. Baba yake alitoka Nyang'oma Kogelo, akaenda kusoma Hawaii mwaka 1959. Bibi yake, Mama Sarah, tulimzika Kogelo mwaka 2021. Yeye ni Barack Obama. Ila hatukumsoma rais. Habari za urais tumezisikia tangu tukiwa wadogo, na tuliona kwamba zimefunika sehemu ambayo kijana wa hapa anaihitaji zaidi: miaka minane, kuanzia Januari 1997 hadi Novemba 2004, ambapo Obama alikuwa mjumbe wa bunge la jimbo, akifanya kazi inayofanana na yako kuliko inavyofanana na ya Ikulu yoyote.

Marekani ina majimbo 50, na kila jimbo lina bunge lake na gavana wake. Bunge la Illinois lina mabaraza mawili, na la juu huitwa Seneti ya jimbo. Hiyo si ile Seneti ya taifa iliyoko Washington, na wengi wetu tulikuwa tunazichanganya. Seneti ya Illinois ina viti 59 na hukutana Springfield, zaidi ya kilomita 300 kutoka Chicago. Abraham Lincoln naye aliwahi kuwa mbunge wa jimbo hilo hilo. Obama alikuwa akisafiri kwenda vikaoni kisha anarudi Chicago, ambako alikuwa mwalimu wa sheria chuo kikuu.

Alifika Chicago mwaka 1985 akiwa kijana asiye na ndugu mjini humo, akafanya kazi na wakazi wa mitaa ya kusini iliyopoteza ajira viwanda vya chuma vilipofungwa. Akaenda Harvard kusomea sheria, akarudi, na mwaka 1992 akaongoza kampeni ya kuandikisha wapiga kura iliyosajili watu wapatao 150,000. Nalitaja hilo kwa sababu mtu aliyeandikisha wapiga kura huijua daftari ya wapiga kura, na ujuzi huo ndio uliomfungulia mlango wa siasa.

Mheshimiwa, hapa naomba nisimame kidogo, maana jambo hili ndilo lililotugawa sana chamani.

Mwaka 1995 kiti cha wilaya ya uchaguzi ya 13 ya Seneti ya jimbo kilikuwa cha Alice Palmer, mama aliyeheshimiwa sana upande wa kusini wa Chicago. Palmer alitaka kwenda Bunge la taifa, akamtambulisha Obama kama mrithi wake. Obama akatangaza nia mwezi Septemba. Mwezi Novemba mama yake mzazi akafariki huko Hawaii, na mwezi huo huo Palmer akashindwa katika mchujo wa Bunge la taifa na Jesse Jackson Jr. Baada ya kushindwa, Palmer alitaka kiti chake cha zamani. Wazee wakamwomba Obama ampishe. Akakataa.

Ili jina la mgombea lifike kwenye karatasi ya kura ya mchujo, sheria ilidai saini 757 za wapiga kura waliosajiliwa katika wilaya hiyo. Palmer alikusanya karibu 1,600 kwa siku chache. Watu wa Obama wakaenda kwenye ofisi ya tume ya uchaguzi wakazipitia saini moja moja wakilinganisha na daftari. Huyu haishi wilayani, huyu hakusajiliwa, huyu ameandika jina kwa herufi kubwa badala ya kutia saini. Mgombea mwingine, Gha-is Askia, aliwasilisha saini 1,899, na 1,211 zikakataliwa, akapungukiwa 69. Wapinzani wote wanne wakaondoka, Palmer akiwa mmoja wao. Machi 1996 Obama alikuwa peke yake kwenye mchujo wa chama chake cha Democratic, na Novemba akashinda kwa asilimia 82.

Wenzetu wengine walisema huo ni ujanja: mtu anayejivunia kuandikisha wapiga kura aliwafungia wapiga kura nafasi ya kuchagua. Wengine wakajibu kwamba kanuni ilijulikana na kila mtu, na kwamba asiyeweza kupata saini 757 halali hawezi kudai anaungwa mkono. Msimamo ambao chama kiliufikia, nami naukubali, ni kwamba Obama alikuwa na haki kisheria, lakini mpiga kura wa wilaya ya 13 alipoteza kitu siku ile. Tunalisema hili waziwazi kwa sababu tunampenda. Na tuna sababu ya karibu zaidi. Katiba yetu, kifungu cha 193, inamtaka mgombea huru wa wadi aungwe mkono na wapiga kura wasiopungua 500 waliosajiliwa katika wadi hiyo. Nusu ya wanachama wetu watakuwa na kitambulisho kabla ya uchaguzi ujao. Wengine wao wataombwa saini hizo, na huenda mmoja wao atazitafuta. Sasa wanajua kwamba saini iliyoandikwa ovyo inaweza kumwangusha mtu kabla ya kampeni kuanza.

Mheshimiwa mgeni wa heshima, kuingia bungeni ni jambo moja na kusikilizwa humo ni jingine. Obama alipoapishwa Januari 1997, chama chake kilikuwa upande wa wachache, na kilibaki hapo kwa miaka sita. Wenzake wakongwe walimwona msomi wa Harvard anayejivuna. Alipowasilisha mswada wake wa kwanza, mjumbe wa chama chake mwenyewe alimsulubu kwa maswali ya kumtania mbele ya Seneti nzima. Hakununa. Alijiunga na mchezo wa karata uliowakutanisha wajumbe wa vyama vyote viwili usiku, akajifunza nani anahitaji nini. Mwaka 1998 alikuwa miongoni mwa waliopitisha sheria ya kuzuia wanasiasa kupokea zawadi na kutumia fedha za kampeni kwa mambo yao binafsi, katika jimbo lililojulikana kwa ufisadi. Mwaka huo akachaguliwa tena kwa asilimia 89.

Tulimkosoa pia. Katika Seneti ya Illinois mjumbe anaweza kupiga kura ya ndiyo, ya hapana, au kusema tu kwamba yupo. Kwa kuwa mswada lazima upate kura 30 kati ya 59, kusema "nipo" huuzuia sawa na kusema hapana. Obama alipiga kura hiyo zaidi ya mara 100 kwa miaka minane. Wapo wanaoeleza kwamba ulikuwa mkakati wa chama chake, na mara nyingi ulikuwa. Bado tunaamini mwananchi anastahili kujua mwakilishi wake amesimama wapi.

Kisha akaanguka. Mwaka 2000 alimkabili Bobby Rush, mbunge wa taifa na mwanamapinduzi wa zamani wa Black Panther, chama kilichopigania haki za Wamarekani weusi, ambaye watu wa Chicago kusini walimwona kama damu yao. Mwaka uliotangulia, mwezi Oktoba, mwana wa Rush alipigwa risasi akafa, na jamii nzima ikaomboleza naye. Miezi miwili baadaye kulikuwa na kura muhimu Springfield kuhusu sheria ya bunduki. Obama alikuwa Hawaii kumtembelea bibi yake wa upande wa mama, mtoto wake akaugua, akachelewa kurudi, na mswada ukashindwa. Magazeti hayakumsamehe. Machi 2000 Rush alipata asilimia 61, Obama 30. Miezi michache baadaye akaenda Los Angeles kwenye mkutano mkuu wa chama chake, kadi yake ya benki ikakataliwa alipotaka kukodi gari, na hakuwa hata na kibali cha kuingia ukumbini. Akarudi nyumbani kabla mkutano haujaisha.

Mheshimiwa, wanafunzi wa kidato cha nne walio mbele yako watafanya mtihani wa taifa hivi karibuni, na baadhi yao wana hofu kwamba wakikosa alama fulani maisha yao yamekwisha. Kwao, hii ndiyo habari ninayotaka waisikie. Mtu yule yule aliyegeuzwa nyuma Los Angeles mwaka 2000 alikuwa bado na kiti chake Springfield, na alirudi kukikalia.

Uchaguzi wa 2002 uliubadilisha upepo. Democratic wakapata wingi katika Seneti ya jimbo, na Emil Jones, kiongozi aliyemlea Obama kisiasa, akawa Rais wa Seneti hiyo. Obama, aliyekuwa amepita bila kupingwa, akapewa uenyekiti wa kamati ya afya na huduma za jamii. Miswada iliyokaa mezani miaka mingi ikaanza kupita.

Wakati huo Illinois ilikuwa na jeraha kubwa. Watu 13 waliohukumiwa kifo walikuwa wamegunduliwa kuwa hawana hatia, na baadhi ya waliohukumiwa kifo jimboni humo walisema walikiri makosa baada ya kuteswa na polisi. Gavana George Ryan, wa chama cha Republican, alisimamisha utekelezaji wa hukumu za kifo mwaka 2000, na Januari 2003, siku chache kabla ya kuondoka madarakani, akabadilisha hukumu za wafungwa wote 167 wa kifo. Obama akaleta mswada wa kulazimisha polisi kurekodi mahojiano ya washukiwa wa mauaji. Polisi walipinga. Waendesha mashtaka walipinga. Wengine wa chama chake waliogopa kuonekana wanawatetea wahalifu. Akakaa na kila upande, akiwauliza polisi kama hawangefurahi kuwa na ushahidi usiopingika dhidi ya muuaji wa kweli. Seneti ikapitisha bila kura hata moja ya kupinga, na Illinois ikawa jimbo la kwanza Marekani kuamua hivyo kwa sheria ya bunge. Mwaka huo huo ilipita sheria nyingine yake, ya kuwataka polisi waandike rangi ya kila dereva wanayemsimamisha. Kati ya yote tuliyoyasoma, kazi hii ndiyo tuliyoiheshimu zaidi. Haikuhitaji jukwaa wala umati. Ilihitaji mtu mwenye subira ya kukaa kwenye chumba cha kamati na watu wasiomkubali.

Yaliyofuata yanajulikana. Machi 2004 alishinda mchujo wa Seneti ya taifa dhidi ya wagombea sita kwa asilimia 53, Julai akahutubia mkutano mkuu wa chama chake huko Boston, Novemba akamshinda Alan Keyes kwa asilimia 70, na akajiuzulu kiti cha jimbo. Agosti 2006 alikuja hapa akiwa seneta, tukiwa hatujazaliwa.

Mheshimiwa mgeni wa heshima, sasa maombi yetu. Kifungu cha 196 cha Katiba kinasema bunge la kaunti lifanye vikao vyake mbele ya wananchi. Hatujawahi kukaa kwenye ukumbi wa wageni wa Bunge la Kaunti ya Siaya, na wengi wetu hatuna nauli ya kufika huko. Tunaomba utusaidie kwa usafiri wa siku moja, siku ambayo kuna mswada unaojadiliwa. Tunaomba pia maktaba yetu ipate nakala za miswada na kumbukumbu za mijadala, hata zile za zamani, ili tujue wadi yetu imesemewa nini. La mwisho ni zito kidogo, na tunaliomba kwa adabu zote: muhula ujao, uje jioni moja bila sherehe, ukae nasi darasani, utueleze mswada mmoja ulioupigia kura na sababu zako, nasi tukuulize maswali.

Naomba kuwasilisha.

Risala hii imeandaliwa na wanachama wa Chama cha Midahalo, na imesomwa na Katibu wa chama.