Kijaluba cha ugoro kilichopeleka watu India

Mhariri, assalaamu alaykum.

Mie ni fundi viatu hapa Chake Chake, nakaa chini ya mwembe na kisanduku changu, na gazeti lako nalisoma likishapita mikono mitatu minne, mara nyengine ukurasa wa michezo umeshafungiwa karanga. Wiki iliyopita nimesoma barua ya msomaji mmoja anasema wamishonari wote waliokwenda nchi za watu walilipwa na serikali zao, wametumwa kama askari wanavyotumwa. Mie Muislamu mtoto wa Muislamu, sina kanisa la kulitetea hapa, lakini kwa upande wa Wabaptisti, madhehebu moja ya Kikristo, hilo si kweli, na limeniuma kidogo kwa sababu aliyewaanzishia kazi hiyo alikuwa fundi viatu mwenzangu.

Habari hiyo kanipa mteja, mwalimu wa kutoka Mbeya anayesomesha skuli huku, yeye ni Mbaptisti. Alikuwa kavua ndara moja anangoja nimtie gidamu, akaniuliza unamjua William Carey, nikamwambia simjui, akanambia fundi mwenzio huyo. Basi nikaanza kumtafuta kwenye simu, usiku watoto wakilala.

Carey alikuwa Muingereza, anashona viatu na kuhubiri kanisani, na pale anapofanyia kazi kabandika makaratasi ukutani, kayaunganisha mwenyewe kwa gundi, kachora ramani ya dunia nzima na watu wa kila nchi na dini zao. (Mie ukuta wenyewe sina.) Tarehe 2 Oktoba 1792 wakakutana wahubiri wachache mji wa Kettering nyumbani kwa mjane mmoja, wakakubaliana kuanzisha chama cha kupeleka watu nje, sasa pesa iko wapi, hakuna. Kila mtu akaandika kikaratasi atatoa ngapi, vikatiwa kwenye kijaluba cha ugoro cha mwenzao Andrew Fuller. Kuhesabu, pauni 13, shilingi 2 na peni 6. Na hizo ni ahadi, si taslimu! Mtu yeyote aliyewahi kuchangisha harusi anajua ahadi ni kitu gani.

Sasa hiyo serikali iko wapi hapo? Kampuni ya Kiingereza iliyoshika India wakati ule ndiyo kwanza haikuwataka, ikiona watawaudhi wenyeji na biashara iharibike. Carey kafika 1793 akaishia kusimamia kiwanda cha nili, rangi ya buluu ya kutilia nguo, ili ale, na 1800 akahamia Serampore kwa sababu mji ule ulikuwa chini ya Wadenishi, watu wa Denmark, Kampuni haimgusi. Baadae alisomesha lugha kwenye chuo cha hiyo hiyo Kampuni, nakubali, mshahara wao aliupokea, lakini akautia kwenye mfuko wa wote. Inahadithiwa kuwa siku moja kwenye karamu ya wakubwa mtu akauliza kwa kejeli, si alikuwa mtengeneza viatu huyu? Carey akajibu hapana bwana, mtia viraka tu. Wallahi nilicheka peke yangu, maana na mie ndiyo hivyo hivyo, kiatu kipya sijawahi kukitengeneza.

Ila mtu aliyenikaa kichwani ni Fuller mwenye kijaluba. Yeye ndiye aliyesimulia kuwa walijiona kama watu wanaotaka kushuka shimo refu la mgodi, Carey akasema nitashuka mimi, nyinyi shikeni kamba. Sisi Pemba hatuna migodi lakini visima tunavichimba, na kila mtu anajua aliye chini akipiga ukelele kamba imeachiwa basi hapana tena. Fuller kaishika hiyo kamba miaka zaidi ya 22, anazunguka makanisani anaomba, Uskoti peke yake kenda mara tano, mpaka kafa 1815 na India hajaiona. Na Marekani vile vile, wamishonari Adoniram Judson na mkewe walifika Burma, Myanmar ya leo, 1813, mwenzao Luther Rice akarudi kwao kutafuta wa kuwasaidia, mwaka wa pili yake Wabaptisti wa kule wakaunda chama chao Philadelphia, na Rice akamaliza umri wake juu ya farasi anachangisha. Judson alingoja miaka sita kumpata muumini wa kwanza. Wafadhili wa siku hizi mwezi wa tatu wangeshataka ripoti yenye picha.

Halafu wanawake. Lottie Moon, mmishonari Mbaptisti wa Kimarekani, alikuwa China, mfupi kama mtoto wa skuli, anaandika barua kwao Marekani kuwa wanawake wachange wakati wa Krismasi. Mwaka 1888 walitaka dola 2,000 za kupeleka watu wawili, zikaja dola 3,315, wakapelekwa watatu.

Lakini nisije nikaonekana nimenunuliwa kwa gidamu moja. Mwaka 1845 Wabaptisti wa kusini mwa Marekani walijitenga na wenzao kwa sababu walitaka mwenye watumwa naye aweze kuwa mmishonari, na hao ndio waliokuja kuwa na chama kikubwa cha kupeleka watu nje, msamaha rasmi wameomba 1995. Kwa hiyo pesa za pamba iliyolimwa na mtumwa zimo humo, na sisi wa karafuu tusijitie kushangaa sana, mikarafuu ya bwana mkubwa haikupandwa na watu wa mshahara. Jengine linalosahauliwa ni kuwa George Liele, mtu mweusi aliyewahi kuwa mtumwa huko huko Georgia, alishakwenda Jamaica kuhubiri karibu miaka kumi kabla Carey hajapanda meli, hana chama wala kijaluba, kenda na deni na akalilipa, analima na kubeba mizigo ya watu kwa gari la farasi.

Bara kwetu Wabaptisti wa Marekani waliingia 1956. Yule mwalimu ananambia ugonjwa ulioingia makanisani mwao baada ya hapo ni kungoja, kila kitu kitatoka Marekani, mpaka wenyeji wakasahau kuwa mikono wanayo. Nikanyamaza, maana na sisi tunao. Chuo cha Kurani mtaani kwetu kinavuja, watoto mvua ikinyesha wanasogea upande mmoja wamebanana kama dagaa, maalim kafunika misahafu na nailoni, na mabati yanayotakiwa ni 40. Mwaka wa pili huu tunaambiwa kuna mfadhili wa nje anakuja. Kamati imeshakaa mara sijui ngapi kumjadili mtu ambaye hakuna aliyemuona.

Basi Jumatatu nimechukua kopo tupu la maziwa ya unga nimelitoboa juu nimeliweka pembeni ya kisanduku, mteja akilipa namuonyesha kwa kidole, sisemi kitu. Mpaka naandika lina shilingi 14,500 na kifungo kimoja cha shati, sijui nani katia.

Fundi viatu,
Chake Chake, Pemba