Mshauri nasaha mwenye bakora mkononi

Mhariri,

Ile habari yenu ya kuwa skuli zetu za Zanzibar sasa zina washauri nasaha nimeisoma mara mbili, na picha yake nimeitazama mara tatu. Mwalimu kakaa nyuma ya meza, mbele yake watoto watatu wanacheka. Miaka mingi nimejizuia kuandika, lakini hao watatu wamenishinda. Mtoto mwenye shida hendi na wenzake wawili, wala hacheki.

Mliyemwita mshauri, mara nyingi, ni mwalimu mwenye vipindi vyake kamili aliyeongezewa cheo bila ya kupunguziwa hata kipindi kimoja, na aghlabu ndiye huyohuyo mwalimu wa nidhamu. Kuna skuli moja, jina lake niliache, mtoto wa Kidato cha Kwanza alikosa siku sita ndani ya wiki tatu. Asubuhi akala bakora za utoro. Wakati wa mapumziko akaitwa ofisi ya walimu "kushauriwa" na mkono uleule uliompiga, walimu wengine wanakunywa chai na kusikiliza. Una tatizo gani? Sina. Ikaandikwa: hana tatizo. Lau daftari la mahudhurio lingesomwa kwa siku badala ya kuhesabiwa jumla tu, ingeonekana kuwa siku zote sita ni zile zenye vipindi viwili mfululizo vya sayansi. Mtoto hakuwa mtoro. Alikuwa hafahamu Kiingereza, lugha inayosomeshewa sayansi, na anaogopa kuulizwa mbele ya darasa. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliipunguza elimu ya msingi kutoka miaka saba hadi sita, kwa hivyo watoto wanafika kidatoni wangali wadogo, walimu wamebadilika, lugha imebadilika, na mwili nao unabadilika. Kuanzia Darasa la Sita hadi Kidato cha Pili ndipo wanapotuponyoka, na huko ndiko mshauri anakotakiwa zaidi.

Kazi yenyewe haina uchawi. Mtoto aitwe kwa kikaratasi kisichotofautiana na cha maktaba, asiitwe kwa jina mlangoni. Dakika ishirini zinatosha kwa mara ya kwanza. Kabla ya swali lolote aambiwe siri ina mpaka wapi: utakayosema yatabaki hapa, ila kama kuna anayekuumiza, au unataka kujiumiza au kumuumiza mwengine, hapo nitalazimika kumwambia mtu wa kusaidia. Ukimwahidi siri ya kila kitu kisha ukaivunja, hatorudi, na darasa zima halitokuja. Usimuulize "kwa nini", maana kwake hiyo ni kesi. Muulize ilianza lini, na siku gani huwa nafuu. Daftari liandikwe nambari, jina likae kwengine chini ya ufunguo. Na wiki ya pili umwite tena hata akisema mambo yamekwisha.

Penye udhalilishaji wa kijinsia ndipo ninapokasirika khasa. Mtoto akishasema, anapelekwa kwa mwalimu mkuu aseme tena, kisha kwa kamati ya skuli, kisha kwa sheha, mkuu wa shehia, kisha mbele ya wazee wake, na kila anaporudia neno moja hubadilika, mwisho anaambiwa muongo. Mshauri anatakiwa aandike maneno ya mtoto kama alivyoyatamka, tarehe na saa, bila ya kumtilia jina la mtu mdomoni, kisha aishie hapo hapo. Mtoto asikogeshwe. Nguo zisifuliwe, zitiwe kwenye mfuko wa karatasi, maana wa plastiki hutia unyevu na ushahidi ukaoza. Apelekwe siku hiyohiyo kituo cha Mkono kwa Mkono hospitalini, ambapo daktari, polisi na mnasihi wako pahala pamoja, kwani dawa ya kinga ya VVU haina faida ikianza baada ya saa 72. Saa hizo ndizo tunazozipoteza barazani tukioneana muhali, ami huyu, jirani yule, tuyamalize wenyewe. Yanamalizwa kweli. Mtoto anahamishiwa skuli nyengine, na mkubwa anabaki na heshima zake.

Tena tukizungumza faragha, vyoo jee? Msichana wa miaka 13 aliyeanza hedhi, choo hakina komeo, maji ni ndoo iliyoko uani, mkondo wa jioni umeshaanza kuingia. Anabaki nyumbani siku nne kila mwezi, halafu tunamwandalia semina ya kujiamini.

Marekani chama chao cha washauri wa skuli kinataka mshauri mmoja kwa wanafunzi 250. Sisi tusijidanganye, achukue hata 800, ila apewe vipindi vinane kwa wiki visivyo na somo, chumba ambacho mlango wake hautazamani na ofisi ya walimu, pazia, komeo la ndani na la nje, na kabati ambalo mwalimu mkuu hana ufunguo wake. Kisanduku cha barua kiwekwe karibu na bomba la maji, ambapo kila mtu hupita, akifungue yeye peke yake Jumatatu na Alkhamisi. Na bakora apewe mwengine, kama lazima iwepo.

Mpiga picha wenu akija tena, apige hodi, akae nje.

Mnasihi mstaafu,
Wete, Pemba