Kipepeo wa Mianzi ya Mtoni

Carolina Kaskazini, Marekani

Mpendwa Neema,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo Karatu. Uliniuliza kama huku Marekani kuna mianzi ya asili, au ni ile tu iliyoletwa kutoka Asia. Ipo, nami nimefurahi kuulizwa, kwa kuwa yuko kipepeo ambaye maisha yake yote yameshikamana nayo.

Jina lake la kisayansi ni Amblyscirtes aesculapius, wa jamii ya Hesperiidae, wale vipepeo wadogo wenye mwili mnene wanaokurupuka ghafla na kutua tena hatua chache mbele. Kwa juu ni wa kahawia iliyokolea, lakini akifunga mabawa utaona mishipa myeupe imekatizana kama utando wa buibui. Madume hupenda kutua pale jua linapopenya kati ya mianzi. Chakula cha kiwavi ni majani ya mwanzi uitwao Arundinaria gigantea, naye hujificha ndani ya jani alilolikunja na kulifunga kwa nyuzi zake. Baadhi ya viwavi wa jamii hii hurusha kinyesi mbali na maficho, maana harufu yake huwaita nyigu. Nami naustaajabia sana usafi huo.

Huenda hukujua kwamba mwanzi wetu wa milimani nao uliitwa Arundinaria kwa miaka mingi, na mwaka 2013 ukawekwa katika jenasi (kundi la spishi zinazokaribiana) mpya ya Oldeania, iliyopewa jina la mlima ulio jirani na kwenu.

Zamani mianzi hii ilifunika mabonde ya mito kusini-mashariki mwa nchi. Walowezi walipotambua kuwa palipoota mianzi ndipo penye rutuba, waliifyeka wapate mashamba, mifugo yao ikamaliza machipukizi, na moto ambao wenyeji wa asili waliuwasha kila baada ya miaka kadhaa, ambao uliiwezesha mianzi kuchipua upya kutoka katika mashina yaliyo chini ya ardhi, ukakoma. Inakadiriwa kuwa takriban asilimia 98 ya vichaka hivyo vikubwa imetoweka. Kwa kuwa mwanzi wenyewe huchanua kwa nadra sana, mbegu ni adimu, na Wacherokee, mojawapo ya makabila ya wenyeji hao wa asili, wanaousuka vikapu huhangaika kuupata.

Linaloniuma zaidi ni kuona mabaki yanakatwa na watu wenye nia njema, wakidhani ni Phyllostachys aurea, mwanzi wa China unaovamia mashamba. Wangeinama tu wakatazame shina: mara nyingi ule wa China huwa na mafundo ya chini yaliyobanana na kuvimba, ilhali huu wa hapa mafundo yake yameachana. Kila kichaka kinachofyekwa kimakosa ni makazi ambayo kipepeo huyu hatayapata kwenye nyasi nyingine za jirani.

Ukipanda tena Oldeani, naomba ukague majani ya mianzi kama yapo yaliyokunjwa na kufungwa kwa nyuzi, unipigie picha, na uniandikie ulichokikuta ndani.

Rafiki yako,
Baraka