Kompyuta ya Baba iko tayari, sasa zamu yako

Kirumba, Mwanza

Kwako Doto,

Salamu nyingi kutoka huku. Baba yako hajambo, ila goti tu linamsumbua asubuhi. Mama anasema senene uliowatuma hawakufika wote. Namshuku dereva wa basi, lakini msamehe, naye ni binadamu.

Nikupe habari za kompyuta. Ile laptop ya mtumba uliyonunua ni nzima na kioo chake kizuri, ila ilikuja na Windows 10, na Microsoft walisitisha masasisho ya bure ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Prosesa yake ni ya zamani, Windows 11 inaikataa. Tena aliyekuwa nayo kabla yako aliacha lundo la programu ndani, mojawapo ikiwa ya kumwezesha mtu kuiendesha kompyuta akiwa mbali. Sikuhangaika kuchambua kipi kibaya kipi kizuri. Nilifuta diski yote nikaweka Linux Mint 22, mfumo wa bure unaoshika nafasi ya Windows, ambayo itaendelea kupata masasisho hadi mwaka 2029. Baba hana habari kama kuna tofauti, maana hajawahi kutumia nyingine.

Hapo ndipo nafika kwenye ombi lako. Uliniambia niweke programu ya kukuwezesha kuingia kutoka huko Bukoba ili akikwama umsaidie. Sikuiweka, na usinune kabla hujasoma mpaka chini. Matapeli wanatumia njia hiyohiyo. Mtu anapiga simu, anajitambulisha kuwa ni wa benki au wa mfuko wa pensheni, anamwelekeza mzee apakue AnyDesk, programu ya kuendeshea kompyuta kwa mbali, na kumsomea namba inayotokea, basi, kwisha habari. Tukimzoesha Baba kuona mshale unatembezwa na mtu asiyemwona, siku mwizi akiingia atajua ni wewe na ataendelea kunywa chai yake. Mimi nataka ajue kwamba mshale ukitembea wenyewe ni hatari, hata kama anayepiga simu anamwita kwa jina.

Anatumia akaunti ya kawaida, ambayo haiwezi kusakinisha kitu. Nenosiri la msimamizi liko kwenye bahasha, kabatini kwa Mama, na mimi sikubaki nalo. Kompyuta ni yake, akitaka kubadilisha kitu ana haki. Wajukuu nao nimewawekea nafasi ya mgeni: wakishatoka, walichoacha kinafutika. Yule wa dada yako alishaanza kuuliza magemu yako wapi.

Manenosiri mengine ameyaandika kwa mkono kwenye daftari, linakaa kabati hilohilo. Najua utanihubiria. Lakini mwizi wa mtandaoni hawezi kufungua kabati la Kirumba, na mzee wa miaka sabini na kitu akilazimishwa kukariri atatumia neno moja kila mahali.

Kwenye kivinjari cha Firefox nimeweka uBlock Origin ya kuzuia matangazo. Utapeli mwingi unapitia mlango huo, na zaidi ya hapo anaokoa MB. Nimezuia tovuti zisimwombe ruhusa ya kutuma arifa, na video zisijicheze zenyewe, la sivyo kifurushi cha wiki kingeisha Jumanne. Tovuti anazozitaka, hali ya hewa ya ziwani, magazeti na ya pensheni, zimepangwa juu, anabonyeza tu bila kuandika anwani. Nimemfundisha pia kutazama mwisho wa jina la tovuti: ya serikali yetu huishia na .go.tz. Ikianza na PSSSF, jina la mfuko wa pensheni, halafu ikaishia na kitu kingine, aiache.

Kilichotutoa jasho ni kipanya. Mkono uliokaza nati za injini za meli miaka yote ile unabonyeza kwa nguvu mpaka kipanya kinateleza kabla ya bonyezo la pili, faili inahama badala ya kufunguka. Niliingia kwenye mipangilio nikaongeza muda kati ya bonyezo na bonyezo, nikapunguza na mwendo wa mshale. Maandishi niliyakuza hadi akasema inatosha, yeye si kipofu.

Halafu nikamtega. Nilitengeneza ukurasa wa uongo: kioo kizima chekundu, king'ora kinalia, na maandishi KOMPYUTA YAKO INA VIRUSI, PIGA SIMU SASA HIVI. Baba alinitazama, nikajifanya nasoma gazeti. Akavaa miwani, akachukua simu, akapiga ile namba tarakimu kwa tarakimu. Ikaita mfukoni mwangu. Alicheka mpaka Mama akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Ndipo nikamwonyesha kitufe cha kuwashia: akikibonyeza bila kukiachia, kioo kinakuwa cheusi, hakuna kilichoharibika. Akasema, "Kumbe ni kama injini. Ukisikia mlio usioujua unazima kwanza, maswali baadaye." Juzi nilimtega tena, akazima kabla king'ora hakijamaliza mlio wa kwanza.

Sasa zamu yako, kwa sababu kuna mambo ambayo siwezi kuyaweka kwenye mashine. Acha kumtumia linki tupu. Wewe na kundi lenu la ukoo mnarusha linki usiku kucha bila neno hata moja, kisha mnataka mzee ajue ipi ya kufungua. Andika ni kitu gani, au usitume.

La pili ni hela. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" anaujua, na nimemwonyesha kuupeleka 15040, namba ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Ninachoogopa ni ujumbe unaotoka kwenye WhatsApp yako mwenyewe baada ya mtu kuiteka, au sauti ya kuiga inayofanana na yako. Tumekubaliana hivi: ombi lolote la hela, anakata, anakupigia yeye kwa namba iliyomo kwenye simu yake, anakuuliza jambo la nyumbani ambalo halimo Facebook. Nawe ufanye vivyo hivyo ukisikia anakuomba. Usikasirike akikuhoji, mjibu. Yeye nimeshamwekea ile PIN ya tarakimu sita ya WhatsApp. Wewe, ninavyokujua, hujaweka. Weka leo.

Kamera ya laptop ina ukungu, uso wako utaonekana kama wa mtu mwingine, kwa hiyo ukivuka daraja la Kigongo–Busisi mwezi wa kumi na mbili njoo na ya USB. Na Jumapili usipige kabla ya saa kumi, analala.

Msalimie shemeji na watoto.

Ni mimi, swahiba wako.