Barua ya wazi kwa waliomaliza kidato cha sita na walezi wao: mkopo hauanzi matokeo yakitoka

Wajukuu zangu,

Wengi wenu mmekaa mkisubiri matokeo ndipo mshughulikie mkopo. Mtachelewa. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu haiji kijijini kuangalia paa la nyumba yenu, inasoma karatasi. Mtoto aliyefiwa na baba lakini hana cheti cha kifo, kwenye mfumo bado ana baba.

Basi anzieni RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Walio Zanzibar waende ZCSRA, wakala wa kazi hiyohiyo huko. Kuwa na cheti cha kuzaliwa sandukuni hakutoshi, lazima kihakikiwe kwanza. Mayatima, ulizeni nyumbani leo: cheti cha kifo kipo, au kilichopo ni kibali cha mazishi? Kibali hakikubaliki. Wazazi wengi huzikwa kijijini bila mtu kuandikisha kifo, na kukisajili baada ya miaka kumi si kazi ya siku moja.

Kisha tandazeni mezani cheti cha kuzaliwa na cha kidato cha nne, msome herufi kwa herufi. Huku Zuhura Saidi, kule Zuhra Said: kwenu ni mtu mmoja, kwa mfumo ni watu wawili. Rekebisheni mapema kwa hati ya kisheria ya majina. Namba ya mtihani ya kidato cha nne iwe ileile mliyoombea chuo, na aliyerudia mtihani ataje zote.

Fomu ikishachapwa inataka sahihi na muhuri wa serikali ya mtaa au kijiji, kamishna wa viapo, na mdhamini mwenye kitambulisho na picha. Mnaokwenda mafunzo ya JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), hapa ndipo penye mtego: dirisha la maombi laweza kufunguliwa mkiwa kambini, na mwenyekiti wenu yuko mikoa mitatu mbali. Mwachieni mlezi nakala za vyeti vyote, na mdhamini awe ameshakubali.

Fomu msiiache mikononi mwa kijana wa stesheneri. Akiwasajili kwa namba yake ya simu, siku ya kurekebisha kosa mtamtafuta yeye. Barua pepe, simu na nywila viwe vyenu. Mkimaliza kupakia, fungueni kila ukurasa muutazame: muhuri uliofifia au ukurasa uliokatwa pembeni huonekana kabla ya kutuma, si baada.

Mliosoma shule ya kulipia kwa msaada wa mtu au shirika, pakieni barua ya mfadhili. Bila hiyo, ada ya shule ile inasomeka kama uwezo wa wazazi wenu. Kaya zilizo TASAF, mpango wa serikali wa kusaidia kaya maskini, zijaze namba ya kaya. Mwenye ulemavu, au mwenye mzazi mlemavu, apate uthibitisho wa Mganga Mkuu wa wilaya.

Majina ya waliopata mkopo hutoka kwa awamu. Ukikosa ya kwanza, subiri zinazofuata, kisha dirisha la rufaa. Na rufaa bila kielelezo kipya ni barua ya malalamiko tu.

Walezi, nanyi tafuteni nauli na chakula cha wiki tatu za mwanzo. Bumu, yaani fedha za mkopo za kujikimu, haliingii siku mtoto anapofika chuoni: lazima kwanza asajiliwe, kisha athibitishe malipo yake. Na mjue ni deni. Akiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi itakatwa kila mwezi hadi liishe.

Babu yenu