Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Ubingwa wa Vilabu vya Wanawake wa Munster katika Mpira wa Kigaeli

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati ya utendaji, nawasilisha kwenu taarifa ya mwaka. Hesabu za fedha zitasomwa na mweka hazina. Mimi nitashughulikia agizo mlilolitoa kwenye mkutano mkuu uliopita, kwamba kwa kuwa mabinti zetu wengi hapa Munster, jimbo la kusini mwa Ayalandi, wamejiunga na vilabu vya mpira wa Kigaeli, mchezo wa jadi wa nchi hii, wazazi waelezwe mashindano hayo yalikotoka na yanavyoendeshwa.

Chama cha mpira wa Kigaeli wa wanawake kiliundwa Julai 1974 katika hoteli ya Hayes mjini Thurles, kaunti ya Tipperary, hoteli ileile ambamo chama kikuu cha michezo ya Kigaeli kilizaliwa mwaka 1884. Mwaka huohuo wa 1974 ikachezwa fainali ya kwanza ya timu za kaunti, na Tipperary ikaishinda Offaly kwa tofauti ya pointi moja. Hata hivyo, chama kikuu hakikuwatambua wanawake hao rasmi hadi 1982, maana yake ni kwamba kwa miaka minane waliendesha mashindano yao kwa nguvu zao wenyewe, na tabia hiyo ya kujitegemea ingali inaonekana katika vilabu wanavyochezea watoto wetu.

Ubingwa wa vilabu wa Ayalandi nzima ulianza mwaka 1977. Klabu hutwaa kwanza ubingwa wa kaunti yake. Kisha mabingwa wa kaunti za Munster, ambazo ni Cork, Kerry, Limerick, Clare, Tipperary na Waterford, hukutana kuwania ubingwa wa jimbo, na mshindi huwakabili mabingwa wa majimbo mengine. Michezo hii huangukia majira ya baridi, mara nyingi kwenye uwanja uliolowa, huku waamuzi wa golini, wamevaa makoti meupe, wakipeperusha bendera nyeupe mpira unapopita juu ya mtambaa panya kwa pointi moja, na ya kijani unapoingia wavuni kwa pointi tatu. Mgeni aliyezoea soka atashangaa pia kuona wachezaji wanaudaka mpira kwa mikono na kukimbia nao, mradi kila baada ya hatua nne waudundishe chini au waurushe kwa ncha ya mguu na kuudaka tena.

Huwezi kuisimulia historia ya Munster bila kukaa kwa muda Ballymacarbry. Ni kijiji kidogo cha kaunti ya Waterford, chini ya milima ya Comeragh, na klabu yake ilitwaa ubingwa wa taifa mara 10 kati ya 1987 na 1998. Katika kaunti yao walishika ubingwa kwa zaidi ya miaka 40 mfululizo. Wachezaji wa kijiji hicho ndio waliokuwa uti wa mgongo wa timu ya kaunti ya Waterford iliyochukua ubingwa wa taifa wa timu za kaunti mwaka 1991, baada ya Kerry kuutawala kwa miaka tisa mfululizo, na Waterford ikaurudia mwaka 1992, 1994, 1995 na 1998. Wapo wanaosema kwamba utawala wa klabu moja uliyadumaza mashindano ya kaunti yake, na sina hakika kwamba wamekosea. Lakini jirani akiwa bora kiasi hicho, kila aliyetaka kombe la Munster alijua kipimo chake.

Baadaye uzito ulihamia Cork. Donoughmore, kisha Inch Rovers mwaka 2010, walifika kilele cha taifa, ila walioacha alama kubwa zaidi ni Mourneabbey. Hao walitwaa ubingwa wa Munster mwaka baada ya mwaka, wakapoteza fainali za taifa za 2014, 2015 na 2017, na hatimaye wakashinda mbili mfululizo, 2018 na 2019, wakiwa na akina dada wa familia ya O'Sullivan katikati ya kikosi. Mwaka 2020 mashindano yalifutwa kwa sababu ya korona. Mwaka 2022 fainali ya vilabu ilipelekwa kwa mara ya kwanza Croke Park, uwanja mkuu wa Dublin, na mwaka uliofuata Ballymacarbry walifika huko wakiwa mabingwa wa Munster baada ya kusubiri zaidi ya miaka 20, wakashindwa na Kilkerrin-Clonberne ya Galway.

Kamati imeona katika historia hii jambo moja linalotuhusu. Vilabu hivi ni vya parokia na vijiji, na hakuna anayelipwa, si mchezaji wala mchoraji wa mistari ya uwanja. Kinachoviweka hai ni ada ya mwaka na wazazi wanaobaki baada ya kipenga cha mwisho kukusanya koni na nyavu. Tumezoea kumshusha mtoto getini na kuondoka. Naomba tuiache desturi hiyo. Wazazi watakaopenda kusaidia ukocha wajue kwamba sheria inadai uhakiki wa polisi pamoja na mafunzo ya ulinzi wa watoto kabla mtu hajaanza, na maombi hayo huchukua muda.

Wanachama wafuatilie pia mpango wa kuunganisha chama kikuu, ambacho ni cha wanaume, cha mpira wa wanawake na cha camogie, mchezo wa Kigaeli wa wanawake unaochezwa kwa fimbo, kuwa chombo kimoja, ambao umelengwa kukamilika mwaka 2027 na ambao maandalizi yake yaliongozwa na Rais mstaafu wa Ayalandi, Mary McAleese. Maoni yangu ni kwamba muungano utarahisisha upatikanaji wa viwanja, lakini wanawake waingie wakiwa na viti vyao kwenye kamati za maamuzi, si kwa kukaribishwa tu.

Usajili wa vilabu hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka. Familia isiyoimudu ada imweleze katibu kwa faragha kabla ya hapo, naye ataiwasilisha kwa mweka hazina bila kutaja jina.